Mtihani wa udereva upimwe barabarani

Mhariri,

Mitihani ya udereva ikikaribia, wanafunzi wangu huacha kuniuliza habari za gari na kuanza kuniuliza habari za bodi. Wanataka bodi asubuhi, bodi jioni. Nikimwambia mmoja tutoke tukaendeshe saa moja zaidi kwenye barabara yenye malori, ananijibu hana haja, barabarani ni dakika chache tu. Siwalaumu. Wameutazama mtihani ulivyo, wakaona leseni inapatikana mezani.

Kwa msomaji ambaye hajaipitia, bodi ni ubao mpana uliochorwa mji mzima wa mfano: barabara, mizunguko, maegesho, njia za kuelekea upande mmoja. Mtahini anakuambia utoke hapa uende pale, nawe unasukuma kigari cha kuchezea kwa vidole huku ukisema kwa sauti: naangalia vioo, nawasha indiketa, nahamia leni ya kulia, nayapisha magari yanayotoka kulia kwangu. Bodi ina faida yake na nisingependa iondolewe. Asiyejua leni ya kuingilia mzunguko, heri ajifunzie hapo kuliko akajifunzie kwenye mzunguko wa Nyayo jijini Nairobi watu wanapotoka kazini. Lakini bodi haina mteremko. Haina matatu inayosimama ghafla kuchukua abiria, haina bodaboda anayekupitia kushoto, wala mtoto wa shule anayekimbilia ng'ambo. Na kile kigari hakizimi.

Wakitoka mezani hupakiwa kwenye gari la shule, watatu au wanne, mmoja ameshika usukani na wengine nyuma wakingoja zamu. Anaondoka, anafika gia ya tatu, anakata kona, anaambiwa asimame kando. Mara nyingi ni mahali tambarare, tena mchana mkavu. Aliyekumbuka mshipi na vioo, na gari lisimzimikie, amepita.

Mimi hufundisha Nakuru. Mwanafunzi wangu akipewa leseni leo, hakuna wa kumzuia kwenda Eldoret kesho, na wakati wa kurudi atateremka kutoka Sachangwan hadi Salgaa. Hakuna Mkenya asiyejua majina hayo yalivyopata sifa. Baada ya ajali za mwisho wa mwaka 2017 barabara ya huko ilitenganishwa kwa kizuizi katikati, jambo jema sana, ila kizuizi hakimfundishi dereva kuteremka. Ukishika njia ya Kericho, kwenye njia panda ya Londiani, Juni 30, 2023 lori liliacha njia likaua zaidi ya watu 50, wengi wao wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara. Kila mwaka barabara zetu huua zaidi ya watu 4,000.

Kuteremka kuna ufundi wake, na haumalizi hata alasiri moja kuufundisha. Shusha gia kabla mteremko haujaanza. Ukiwa gia ya pili au ya tatu injini yenyewe hulizuia gari, nawe unakanyaga breki kwa vipindi. Anayeweka gia huru ili aokoe mafuta ameziachia breki kazi yote; zinapata moto mpaka zinakataa kushika, na hapo hata ukikanyaga hadi sakafuni gari halikusikii. Somo hili nawapa wanafunzi wangu wote, lakini katika mitihani wanayofanya halipimwi, na lisilopimwa shule nyingi hulipita.

Kuondoka mlimani ni hivyo hivyo. Mwanafunzi huachia breki ya mkono mapema, gari linarudi nyuma kuelekea matatu iliyo nyuma yake, anashtuka, anaachia klachi yote, gari linazima katikati ya honi. Dawa ni kurudia mahali pale pale: vuta breki ya mkono, ingiza gia ya kwanza, inua klachi taratibu mpaka pua ya gari iinuke kidogo, ongeza mafuta, kisha ndipo ushushe breki. Akishausikia ule mvuto kwenye mguu wa kushoto, hausahau tena.

Ninaiomba NTSA, mamlaka ya usalama barabarani inayosimamia mitihani hii, mambo mawili. Kwanza, kila mtahiniwa aendeshe angalau dakika 20 kwenye njia iliyopangwa ikiwa na mlima, mzunguko wa kweli, kivuko cha watembea kwa miguu na kuegesha kwa kurudi nyuma. Uingereza mtahiniwa huendesha kama dakika 40. Akizidisha makosa madogo 15, au akifanya moja kubwa, ameanguka. Najua nitaambiwa watahini ni wachache na wanafunzi ni wengi. Basi bodi na alama za barabarani zifanyiwe siku nyingine, kwa makundi, ili siku ya barabara ibaki ya barabara.

Pili, kila mtu apewe karatasi yenye makosa yake, awe amepita au ameanguka. Hili nalitilia mkazo kuliko yote. Wanafunzi huja kwangu siku ya kwanza kabisa wakiuliza kama ni lazima kutoa kitu ndipo wapite. Anayeambiwa tu kwamba ameanguka, bila kuelezwa alikosea wapi, hana la kurekebisha isipokuwa mfuko wake. Aliyeandikiwa kwamba hakutazama kioo cha kushoto alipokata kona, na kwamba gari lilirudi nyuma mlimani, anajua arudi kwangu tufanye nini.

Watakaofanya mtihani kabla hayo hayajabadilika wasiridhike na bodi. Mwambieni mwalimu awapeleke penye mlima, awapeleke mvua ikinyesha, na awaache mwegeshe kwa kurudi nyuma kati ya magari mawili mpaka mzoee. Siku yenyewe, rekebisha kiti na vioo kabla ya kuwasha gari, hata mtahini akionekana ana haraka. Na ukishapata leseni, mteremko wa Salgaa ushuke mara za kwanza mchana, ukiwa na mtu aliyeuzoea kando yako.

Mwalimu wa udereva,
Nakuru