Ati mimi nauza vitambulisho vya watu!

Shangazi, shikamoo.

Adhana ya alfajiri bado na mimi niko macho. Maneno ya yule mama harusini ndiyo yamenikaa kifuani. Mbele za watu, pilau haijapakuliwa: "Kitambulisho chako usimpelekee huyo, anauza." Anauza! Mimi?

Unayajua maduka yetu ya Ngamiani. Fotokopi, picha za pasipoti, watoto wa kidato cha sita wanaoombewa mkopo wa chuo wa HESLB, vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA. Watu wananirushia kila kitu kwa WhatsApp, hata nisichowaomba. Nikishaprinti vinabaki kwenye mashine, maana ni haohao wanaorudi kuuliza, "Mama, ile yangu bado unayo?" Ningefuta wangenisema.

Sasa mashine kubwa, ile kompyuta ya dukani, imefungwa na wezi wa mtandaoni. Mafaili yote yamegeuka majina, hayafunguki, na kwenye kioo kuna maneno ya Kiingereza yanadai bitcoin, hiyo pesa ya mtandaoni, ndipo wafungue. Diski ya akiba ipo, ila kijana aliiacha imechomekwa usiku na mchana, nayo ikafungwa humohumo. Kijana mwenyewe ni mtoto wa dada yangu, dada aliyenipa mtaji. Ndiye aliyeweka programu ya kuingilia mashine ya dukani akiwa kwao Makorora, neno la siri 123456. Nilimwambia! Akanicheka: "Mama mdogo, nani ahangaike na duka la fotokopi?"

Fundi wa Chumbageni anasema hakuna aliyenilenga mimi. Wezi hao wana programu zinazozunguka intaneti kutwa zikijaribu milango, palipo wazi zinaingia. Halafu ananilaumu kwamba mashine ina Windows 7, ambayo Microsoft waliacha kuitengenezea kinga Januari 2020. Sawa, lakini niliinunua ikiwa hivyo, na majirani zangu wanatumia hiyohiyo, mbona wao hawaitwi wezi? La kunimaliza akaliweka mwisho: wengi wa wezi hao hunakili mafaili kwanza ndipo wafunge.

Yule mama anapigiwa simu za mkopo wa mtandaoni ambao hakuukopa. Huenda kopi ilitoka kwangu, huenda haikutoka. Mtu huyo kopi yake ameiacha gesti, kwa wakala, kwa mwenye nyumba. Kwa nini ataje mimi tu, tena harusini? Nikiuza, hela iko wapi? Kodi ya fremu yenyewe nadaiwa.

Fundi ananitisha na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Anasema anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na zikivuja aitaarifu. Mimi nilidhani hayo ni mambo ya mabenki. Nikienda kujieleza, si nitakuwa nimejishtaki? Na wateja, nimewaandika kwenye daftari la madeni pamoja na simu zao. Niwapigie mmojammoja niwaambie kopi zao huenda zimechukuliwa, na mimi mwenyewe sina uhakika? Nikipiga, yule mama atasema si niliwaambia. Nisipopiga, na mwingine akakopewa jina lake...

Kijana aondoke, nimechoka naye. Lakini baruapepe ya duka anaifungua yeye peke yake, na akiondoka dada atadai mtaji wake. Basi asiondoke. Ninachotaka ni aende kwa yule mama aseme kwa kinywa chake kwamba mama mdogo hajauza kitu. Au hapana, asiende, yule mama ataligeuza hilo nalo.

Dada anashuka Ijumaa kutoka Korogwe, nijibu kabla hajafika. Na usiniambie nilipe hiyo bitcoin. Kaka ameshanishauri hivyo, na pesa sina, na fundi anasema ukilipa huna hakika ya kufunguliwa.

Mimi msomaji wako,
Tanga