Saa za kazi za mkulima wa mwani

Mhariri,

Zikizungumzwa saa za kazi duniani, hutajwa Ufaransa na wiki yake ya saa 35 tangu mwaka 2000, au Ureno, ambako sheria ya 2021 inamzuia mwajiri kumsumbua mfanyakazi baada ya kazi. Mkulima wa mwani wa vijiji vya Paje au Jambiani, aghalabu mwanamke, anafuata mwezi wa angani. Bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu; maji yakikauka ndipo anapoingia shambani, na kila siku hukauka kwa kuchelewa takriban dakika 50. Maji mafu yakija, yaani siku ambazo bahari haipwi sana, kazi inasimama.

Katika saa hizo chache hufunga vipande vya mwani kwa tai-tai (vijikamba vidogo), hukaza kamba kwenye vigingi na kuvuna mwani wa wiki sita. Kotonii, aina mojawapo ya mwani, ikipata joto la maji ya kina kifupi, matawi hupauka na kukatika. Mwani ukinyeshewa ukiwa umeanikwa, rangi hufifia na mnunuzi hushusha bei.

Tafadhali, wanaoitisha mikutano na mafunzo wilayani watazame kwanza kalenda ya maji. Mkutano wa saa nne asubuhi siku ya bamvua unawakosesha akina mama hawa mavuno.

Mdau wa mwani,
Kusini Unguja