"Kesi ya kujibu" si hatia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa maoni nizungumzie lugha inayotumiwa na magazeti yetu, lenu likiwamo, katika kuripoti habari za uhalifu. Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Kazi yangu ilikuwa kufungua majalada, kuita mashauri na kupanga tarehe, na katika kazi hiyo nilijifunza kwamba mtuhumiwa, mshtakiwa, mahabusu na mfungwa si maneno ya kubadilishana ili sentensi isichoshe. Kila moja lina mahali pake katika safari ya shauri, na ukiliweka pasipo pake umembadilishia mtu hali yake kisheria.

Hivi karibuni nilisoma kichwa cha habari kilichosema kuwa majambazi watano wamenaswa. Nilipofika aya ya nne nikamkuta kamanda wa polisi akieleza kwamba watu hao wanashikiliwa kwa mahojiano na kwamba upelelezi unaendelea. Kumbe kamanda mwenyewe alikuwa bado anatafuta jibu ambalo gazeti lilikwisha kulichapa kwa herufi nene.

Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa hilo mpaka itakapothibitika kuwa ana hatia. Ni kweli kwamba ibara hiyo inawahusu kwanza polisi, waendesha mashtaka na mahakama. Lakini sioni faida ya hakimu kujizuia kwa miezi kadhaa asimwite mtu mwizi, ilhali gazeti linalosomwa na mwajiri wake, mkwe wake na majirani zake limekwisha kumwita hivyo tangu siku ya kwanza.

Tangu Tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ikabidhi ripoti yake kwa Rais mwezi Julai 2023, neno "haki jinai", yaani mfumo mzima wa kushughulikia makosa ya jinai tangu kukamata hadi hukumu na kifungo, limezoeleka midomoni mwa watu. Hata hivyo wengi bado hudhani kuwa ni jina jingine la polisi. Polisi hukamata na kupeleleza, basi. Uamuzi wa kumshtaki mtu au kutomshtaki uko mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka na ofisi yake, na mtuhumiwa huwa mshtakiwa pale tu hati ya mashtaka inapofikishwa mahakamani. Nilipoanza kazi, askari wa kituo ndiye aliyepeleleza, na mwenzake wa kituo hicho hicho ndiye aliyesimama mbele ya hakimu kuendesha mashtaka. Mtindo huo umeondolewa hatua kwa hatua kwa kuwakabidhi kazi hiyo mawakili wa serikali, na sababu yake ni nzuri: aliyekamata asiwe ndiye anayepima kama alikamata sawasawa. Anayepelekwa gerezani wakati kesi yake haijaamuliwa ni mahabusu. Mfungwa ni yule ambaye mahakama imemtia hatiani na kumpa adhabu ya kifungo. Wote wawili hulala nyuma ya ukuta mmoja, na ndiyo maana mwandishi asiyeangalia huwachanganya.

Maneno yanayonisumbua zaidi ni haya: "akutwa na kesi ya kujibu". Katika masjala nimewahi kuwapokea ndugu wa washtakiwa wakilia kwa sababu redio imetangaza hivyo, nao wakaelewa kuwa ndugu yao amefungwa. Maana yake ni ndogo kuliko inavyosikika. Upande wa mashtaka ukishafunga ushahidi wake, hakimu hujiuliza kama ushahidi huo, ukiachwa hivi hivi bila kujibiwa, unaweza kumtia mshtakiwa hatiani. Akiona hauwezi, humwachia huru papo hapo, na mshtakiwa hahitaji kufungua kinywa. Akiona unaweza, humwambia mshtakiwa kuwa ana haki ya kujitetea na kuita mashahidi, au kunyamaza akipenda. Hapo hakimu hajaamini wala hajakataa neno la mtu yeyote. Ndiyo kwanza nusu ya pili ya mchezo inaanza. Baada ya utetezi ndipo swali kubwa huulizwa, yaani kama upande wa mashtaka umethibitisha kosa bila kuacha shaka yenye mashiko. Mzigo huo ni wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, tangu mwanzo hadi mwisho, na wengi waliokutwa na kesi ya kujibu waliachiwa huru siku ya hukumu.

Hata neno "aachiwa" linahitaji uangalifu. Aliyeachiwa kwa dhamana bado ni mshtakiwa na ana tarehe ya kurudi. Aliyefutiwa shauri kwa sababu Mkurugenzi wa Mashtaka amesema hana nia ya kuendelea nalo anatoka, lakini anaweza kukamatwa tena kwa kosa lile lile, kwa hiyo kuandika kwamba "ameshinda kesi" ni kumdanganya msomaji na kumdanganya yeye mwenyewe. Aliyeachiwa huru kwa hukumu ndiye aliyeshinda, labda rufaa iseme vingine. Juu ya dhamana yenyewe sitasema mengi, ila kwamba si upendeleo wa hakimu wala dalili ya rushwa, kama wachangiaji wa barua zenu wanavyopenda kudokeza. Ni haki yenye masharti. Yapo makosa ambayo sheria imeyanyima dhamana, kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha, lakini hata Bunge halina uhuru wa kuyaongeza bila mpaka: mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, ilibatilisha kifungu cha namna hiyo kwa kuwa kilikuwa kipana mno na hakikuweka utaratibu unaofaa kabla ya kumnyima mtu uhuru wake.

Jingine ni "wamekiri kuhusika". Polisi wakisema hivyo mbele ya kamera, gazeti hulichukua neno hilo kama lilivyo. Mahakama hailichukui kirahisi. Maelezo ya onyo, yaani yale ambayo mtuhumiwa huyatoa kwa polisi baada ya kuonywa kuwa halazimiki kusema, yakipingwa, kesi husimama na kesi ndogo huendeshwa ndani ya kesi kubwa, ambamo Jamhuri ndiyo inayopaswa kuthibitisha kuwa mtu yule alisema kwa hiari yake, bila kipigo, vitisho wala ahadi. Nimeona maelezo marefu yenye saini na alama ya dole gumba yakitupwa nje kwa kushindwa mtihani huo.

Yako pia maneno ya picha. Katika karne ya 19 daktari mmoja wa Italia, Cesare Lombroso, aliwapima wafungwa mafuvu, taya na masikio, akadai mwaka 1876 kuwa mhalifu huzaliwa mhalifu na kwamba alama zake huonekana mwilini. Mwingereza Charles Goring alikuja kuwalinganisha wafungwa wa kwao na watu wasio wafungwa, na mwaka 1913 akatangaza kuwa aina hiyo ya binadamu hakuiona. Elimu ya uhalifu iliachana na Lombroso muda mrefu. Magazeti yetu bado. Wanapigwa picha vijana wamechuchumaa, bila mashati, wamefungwa pingu, huku mapanga yamepangwa mbele yao, nasi tunatikisa vichwa tukisema sura zenyewe zinaonyesha. Mhariri mwenyewe akichuchumalishwa juani bila shati, sura yake ingeonyesha nini?

Naacha la mwisho ambalo ni zito kuliko yote. Kila mwezi nasoma kuwa mtu "ameuawa na wananchi wenye hasira kali". Maneno haya yamezoeleka kiasi kwamba tunayasoma kama taarifa ya mvua. Sheria haimjui mtu anayeitwa mwananchi mwenye hasira kali. Inawajua watu waliokusanyika kwa nia ya pamoja wakamuua mtuhumiwa, na kosa lao ni mauaji, lenye adhabu ya kunyongwa hadi kufa. Raia anaruhusiwa kumkamata anayetenda kosa kubwa mbele yake, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Mamlaka yake yanaishia hapo. Hata sungusungu, walinzi wa jadi waliochipuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya wizi wa ng'ombe, na ulinzi shirikishi tulio nao mitaani leo, hawakupewa kiti cha hakimu. Mnapoandika "hasira kali" mnatoa sababu ya kuua kabla hata ya kumtaja aliyekufa, ambaye kwa kawaida mnamwita kibaka, naye hawezi tena kukanusha.

Karibu na kwangu anaishi kijana muuza viatu vya mitumba ambaye picha yake ilichapwa ukurasa wa mbele miaka kadhaa iliyopita kwa tuhuma za wizi wa pikipiki. Aliachiwa huru baada ya mlalamikaji kumwambia hakimu kuwa aliyemwona usiku ule hakuwa yeye. Sikuiona habari hiyo katika gazeti lolote, wala mteja aliyemkimbia hakuiona.

Ombi langu ni hili. Wekeni daftari katika chumba cha habari. Kila jina mnalolichapa siku ya kukamatwa liandikwe humo pamoja na namba ya shauri, na shauri likiisha matokeo yachapwe ukurasa ule ule uliobeba habari ya kwanza. Orodha ya mashauri hubandikwa asubuhi kwenye ubao wa matangazo wa mahakama, na karani yeyote atawasomea namba mkimuuliza kwa adabu.

Wasalaam,
Karani mstaafu wa mahakama,
Morogoro.