Bei ya pakiti si bei ya kilo

Mhariri,

Kuhusu mjadala wa duka kubwa la bei za punguzo kufunguliwa katika mji mdogo wa zamani, kama litamfaa mnunuzi kuliko maduka madogo ya mtaani: mjadala huo umeishia kwenye bei ya pakiti, na hapo ndipo mnunuzi anapoumia. Mathalani, sukari ya gramu 900 kwa Sh2,700 ni sawa na Sh3,000 kwa kilo. Mangi, yaani mwenye duka la mtaani, anayepima kilo kamili kwa Sh2,900 ana nafuu. Tena yeye hupima hata robo, na hukopesha kwa daftari.

Halmashauri iagize bei ya kilo au lita iandikwe kwenye shelfu, na Wakala wa Vipimo wakague mizani pande zote, maana sahani yenye unga ulioganda humpunja mteja. Wenye maduka madogo nao wachangiane gharama ya lori moja la Fuso kuleta mzigo kutoka soko la Kariakoo.

Msomaji,
Dar es Salaam