Nyimbo zilizoshika namba moja si kipimo cha utunzi wa Beatles

Mhariri,

Nimeisoma kwa makini makala ya safu yenu ya muziki iliyowalinganisha wanamuziki wanne wa Beatles, bendi ya roki ya Uingereza (John Lennon, Paul McCartney, George Harrison na Ringo Starr), baada ya bendi yao kuvunjika mwaka 1970, ambayo ilihitimisha kwamba Paul McCartney aliwaacha wenzake mbali kwa sababu nyimbo zake ndizo zilizoshika namba moja mara nyingi zaidi. Hesabu yenyewe siipingi. Ninachopinga ni kuifanya kuwa kipimo, kwani chati hutuambia jina la nani lilikuwa kubwa na nani alidumu kazini muda mrefu, lakini haituambii mtu huyo alitungaje, wala kilichompata siku alipobaki na gitaa lake chumbani bila mwenzake wa kumwambia kwamba mstari huu ni dhaifu, urudie. Mimi nimezisikiliza albamu za wanne hawa kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila ninapozirudia naona kwamba swali la yule mwenzake aliyekosekana ndilo linaloeleza mengi, mafanikio na maanguko pia.

Kasoro ya kipimo hicho inaonekana mara tu tukikifuata hadi mwisho wake. John Lennon, katika uhai wake, alishika namba moja kwenye chati ya nyimbo ya Marekani mara moja tu akiwa nje ya Beatles, mwaka 1974, kwa “Whatever Gets You thru the Night”, wimbo alioushirikisha sauti na piano ya Elton John. Ringo Starr, mpiga ngoma, ambaye katika miaka yote ya bendi alitoa nyimbo mbili tu zilizoandikwa kwa jina lake peke yake, alikuwa ameshafika hapo mara mbili: kwa “Photograph” mwishoni mwa 1973 na “You're Sixteen” mwanzoni mwa 1974. Je, tuseme Ringo alikuwa mtunzi bora kuliko Lennon? Huo wimbo wa pili haukutungwa na yeyote kati ya wanne hao, bali na ndugu wawili wa Sherman, na mwimbaji Johnny Burnette alikuwa ameshaurekodi mwaka 1960. Na ule wa kwanza Ringo aliutunga pamoja na George Harrison. Hata Harrison mwenyewe, aliposhika namba moja ya Marekani kwa mara ya mwisho mwaka 1988, alifika kwa “Got My Mind Set on You”, utunzi wa Rudy Clark. Chati haiulizi nani aliyetunga. Makala inayodai kuwalinganisha watunzi haina budi kuuliza.

Tukishauliza, lebo ya santuri nayo haitusaidii sana. Lennon na McCartney walikutana Liverpool mwezi Julai 1957, wakiwa bado vijana wa shule, na baadaye wakakubaliana kwamba nyimbo zao zibebe majina yao wote wawili, iwe wamezitunga pamoja au la. Ndiyo maana “Yesterday” ya mwaka 1965 ina jina la Lennon ingawa hakushiriki katika kuutunga wala kuurekodi, na ndiyo maana “Give Peace a Chance” ya 1969, ambao ni wimbo wa Lennon nje ya bendi, ulitoka ukiwa na jina la McCartney. Anayetaka kujua nani alifanya nini inambidi azifuate nyimbo moja moja.

Akizifuata, atakutana na jambo lililonifanya nishike kalamu. Katika “I Saw Her Standing There”, uliotoka mwaka 1963, McCartney alikuja na ubeti ambao mstari wake wa pili ulimtaja malkia wa urembo; Lennon akaukataa, wakaweka maneno ya mzaha yenye kudokeza tu, na wimbo ukapata uhai. Mwaka 1965, katika “We Can Work It Out”, beti za McCartney zinatumaini kwamba ugomvi utasuluhishika, kisha sehemu ya kati ya Lennon inaingia na kukumbusha kwamba maisha ni mafupi mno kuyamaliza kwa kugombana, na lahani yenyewe inageuka kuwa ya huzuni. Mwaka 1967, katika “Getting Better”, mmoja anaimba kwamba mambo yanazidi kuwa mazuri na mwenziwe anajibu kwamba hayawezi kuwa mabaya zaidi ya yalivyo. Ila sikio la mwenzi halikuwa la kukataa tu. McCartney alipomwimbia Lennon “Hey Jude” mwaka 1968, alimwahidi kuubadilisha mstari mmoja kuhusu bega, ambao aliuona ni wa kujazia nafasi, na Lennon akamjibu kwamba huo ndio mstari bora kuliko yote. McCartney ameisimulia habari hii mara nyingi, nami huiona kuwa somo zima la utunzi, maana mtunzi anaweza kuwa na jicho kali kwa makosa yake na bado akakosa kuiona dhahabu yake mwenyewe.

Sasa mtoe mwenzi huyo chumbani. Albamu ya kwanza ya McCartney ilitoka mwezi Aprili 1970, na ala zote alizipiga mwenyewe. Ndani yake umo “Maybe I'm Amazed”, wimbo ambao ungeweza kusimama katika albamu yoyote ya Beatles bila kuona haya, lakini pembeni yake kuna vipande vinavyosikika kama michoro ambayo mchoraji hakuimaliza. Hakuna mtunzi wa lahani aliyejaliwa kuliko yeye katika kundi lile, na pengine katika muziki wa roki wote. Lahani zilimjia kwa wingi kiasi kwamba maneno yakawa mara kwa mara ni kitu cha kuzivika tu. Albamu ya “Ram” ya 1971, aliyoitoa kwa jina lake na la mkewe Linda, ilishambuliwa sana na wahakiki wa wakati ule, nami naamini walikosea. Hata hivyo, ushahidi ulio mzito zaidi ni “Band on the Run” ya 1973. Muda mfupi kabla ya safari ya kwenda kuirekodi Lagos, wanamuziki wawili wa Wings, bendi yake mpya, walijitoa, wakabaki Paul, Linda na Denny Laine. Wakiwa huko wakaporwa kanda za majaribio ya nyimbo, ikawabidi wazitegemee kumbukumbu zao. Kazi iliyotoka katika dhiki hiyo ndiyo iliyoshikamana kuliko zake zote za miaka ya sabini, kana kwamba shida ilishika nafasi ya yule rafiki mkali. Na ilipofika 1989, alipotoa “Flowers in the Dirt”, McCartney alikuwa ameketi kutunga na Elvis Costello, mtu wa maneno makali asiyeogopa kubishana. Mtu hutafuta kile anachojua kimempungukia.

Kwa Lennon mambo yalikuwa kinyume. Albamu yake ya Desemba 1970, “John Lennon/Plastic Ono Band”, imevuliwa kila pambo: gitaa au piano yake, besi ya Klaus Voormann, ngoma za Ringo, na maneno ambayo mtoto angeyaelewa. Katika “Mother” anawalilia wazazi waliomwacha. Katika “God” anataja kimoja kimoja vitu asivyoviamini tena, na mwisho wa orodha hiyo ni Beatles wenyewe. Naiweka albamu hiyo juu ya “Imagine” ya mwaka uliofuata, nikijua wengi watanipinga, kwa sababu hapo tu ndipo upungufu wa lahani uligeuka kuwa nguvu. Njia hiyo haikuweza kupitwa mara mbili. “Some Time in New York City” ya 1972 ina nyimbo zinazosikika kama vichwa vya habari za wiki ile, nazo zimezeeka pamoja na habari hizo, na sioni vigumu kukisia sura ambayo McCartney angeikunja kama angeletewa. Kuhusu “Imagine” wenyewe, Lennon alikiri mwaka 1980 kwamba wazo na sehemu kubwa ya maneno vilitoka kwa mkewe, Yoko Ono, na mwaka 2017 chama cha wachapishaji wa muziki cha Marekani kikatangaza kwamba jina la Ono litaongezwa kama mtunzi mwenza. Kwa hiyo hata wimbo unaotajwa kila mahali kuwa kilele cha kazi za Lennon peke yake haukuwa wa Lennon peke yake.

Jambo hili halikuwapata Beatles tu. Bendi ya Pink Floyd ilipotoa albamu ya “The Wall” mwaka 1979, Roger Waters aliitunga karibu yote, lakini wimbo ambao mashabiki wengi huutaja kwanza ni “Comfortably Numb”, ambao muziki wake ni wa mpiga gitaa David Gilmour na maneno yake ni ya Waters. Baada ya kuachana, Waters alibaki na maneno mengi yenye fikra nzito na lahani chache za kuyabeba. Gilmour alibaki na gitaa linalozungumza na uhaba wa cha kusema, mpaka alipoanza kuandikiwa mashairi na mwandishi Polly Samson katika “The Division Bell” ya 1994. Makala yenye kuuliza ni nani kati yao “alishinda” itakuwa imeiacha habari yenyewe.

Nimemchelewesha Harrison kwa sababu ndiye aliyeonewa zaidi na makala yenu, ambayo ilimpa aya moja. Alikuwa mdogo kuliko wote katika bendi, na mbele yake walikuwapo watunzi wawili waliokuwa wakizijaza albamu. Mgawo wake ulikuwa wimbo mmoja au miwili, mara chache mitatu kama katika “Revolver” ya 1966. Mwezi Januari 1969 alikuja mazoezini na “All Things Must Pass”, bendi ikaupiga mara kadhaa, kisha ukaachwa. Mwaka huohuo, kwa nafasi mbili alizopata katika “Abbey Road”, alitoa “Something” na “Here Comes the Sun”. Naomba wasomaji watafakari idadi hiyo: nafasi mbili, na zote mbili ni miongoni mwa nyimbo bora za albamu ile. Miezi michache baada ya bendi kuvunjika, mwezi Novemba 1970, akatoa albamu ya santuri tatu yenye jina la wimbo ule ulioachwa, “All Things Must Pass”, na wimbo wake “My Sweet Lord” ukawa wimbo wa kwanza wa mwanachama wa Beatles aliye peke yake kushika namba moja, Uingereza na Marekani.

Kuna watu wanaoitumia albamu hiyo kudai kwamba Harrison ndiye aliyekuwa mtunzi mkuu wakati wote, na kwamba alifichwa tu. Hapo nami nasita, ingawa moyo wangu uko upande wake. Albamu ya “All Things Must Pass” ni akiba ya miaka kadhaa iliyofunguliwa kwa siku moja. Kuilinganisha na albamu ya kwanza ya McCartney ni kulinganisha ghala na mavuno ya msimu mmoja. Stevie Nicks wa Fleetwood Mac alipitia njia inayofanana: katika bendi yenye watunzi watatu, wimbo wake “Silver Springs” uliondolewa kwenye “Rumours” ya 1977 na kusukumwa upande wa pili wa santuri ndogo, na alipotoa albamu yake ya kwanza, “Bella Donna”, mwaka 1981, nyimbo zilizokuwa zikingoja zilifurika. Ghala likishakwisha, ndipo tunapomwona mtunzi anavyolima. Harrison aliandika nyimbo nzuri sana baadaye, lakini kamwe hakukaribia tena wingi ule, na “Dark Horse” ya 1974, aliyoiimba koo likiwa limeharibika, ni albamu ambayo rafiki wa kweli angemshauri aingojee.

Hata ushindi wake mkubwa zaidi ulikuwa na tundu lilelile. Mwaka 1976 mahakama ya New York iliamua kwamba lahani ya “My Sweet Lord” iliunakili bila kukusudia wimbo wa “He's So Fine”, ulioimbwa na kundi la The Chiffons mwaka 1963. Nimeupima uamuzi huo kwa masikio yangu, nyimbo mbili zikifuatana, na sioni jinsi ya kuukataa. Lakini naamini kabisa kwamba kama Harrison angeupeleka wimbo ule kwenye chumba kile chenye McCartney na Lennon, waliokulia kwenye santuri za Marekani, mmoja wao angeinua kichwa kabla ya ubeti wa kwanza kwisha. Na yeye pia, kama McCartney, aliwarudia wenzi: mwaka 1988 alikuwa ndani ya bendi ya Traveling Wilburys pamoja na Bob Dylan, Roy Orbison, Tom Petty na Jeff Lynne, wakitunga kwa kurushiana mistari, na sauti yake katika “Handle with Care” ni ya mtu aliyetua mzigo.

Naomba basi, Mhariri, safu yenu ilirudie suala hili, ikichapisha mbele ya kila wimbo jina la aliyeutunga na la aliyeketi naye, na ikimpa Harrison nafasi ya kutosha, yeye aliyekuwa akipewa nyimbo mbili kwa albamu.

Wako katika muziki,
Msomaji wenu wa siku nyingi