Shangazi, mwenzangu anaogopa kutibiwa kwa sababu ya siri yetu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa kiume, fundi cherehani, naishi Chang'ombe hapa Dodoma. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanihukumu. Nampenda kijana mwenzangu, naye ananipenda. Mtaani wanatujua kama ndugu, na mama mwenye nyumba hana neno nasi maana kodi tunalipa kwa wakati.

Tulikutana Mpunguzi, msimu wa zabibu wa Machi. Cherehani yangu ilikuwa mbovu nikaenda kutafuta kibarua cha kuvuna. Yeye alikuwa anabeba kreti kupeleka kwenye mzani. Mkono wake wa kulia haunyooki vizuri. Wenzetu walipomuuliza alisema alianguka na baiskeli. Mimi sikumuuliza, kwa sababu nina kovu kisogoni ambalo huwa nasema niliangukiwa na bati. Siku tulipoambiana ukweli ndipo mapenzi yalipoanza.

Mimi nilipigwa Dar es Salaam mwaka 2018, kipindi kile msako wa watu wa namna yetu ulipotangazwa na kila mtu mtaani akajiona askari. Walionipiga ni vijana niliokuwa nacheza nao mpira. Kituoni kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa, sikwenda. Ningesema nimepigwa kwa kosa gani? Yeye alipigwa na baba yake mdogo kijijini kwao, kwa waya wa umeme, amefungwa kwenye nguzo ya zizi, baada ya simu yake kusomwa. Mkono ulivunjika hapo.

Mimi nimepata nafuu, na naamini ni kwa ajili yake. Yeye bado. Kila usiku anaegemeza ndoo tupu mlangoni na kuweka sufuria juu yake, ili mlango ukisukumwa asikie. Bodaboda ikisimama nje anakurupuka na kukaa kitandani, jasho linamtoka hata mwezi wa saba, na baridi ya Dodoma ya mwezi wa saba unaijua. Nikitaka kumgusa lazima kwanza niseme "ni mimi", tena nitokee mbele yake. Hilo nimelizoea, wala halinichoshi. Kinachoniumiza ni kumwona anakonda. Anarudi kazini, anakaa na ugali na mlenda mpaka vinapoa, namwita hasikii.

Nataka akatibiwe. Hapa kwetu ndipo ilipo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, Mirembe, iliyopo tangu 1927, na watu wanaifuata kutoka mikoa ya mbali. Yeye hataki. Anaogopa kuonekana getini, watu waseme amerukwa na akili. Hilo naona tungelimudu. Kilichonifunga mdomo ni swali lake: "Daktari akiniuliza nani alinipiga na kwa nini, nimjibu nini?" Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha mapenzi kinyume cha maumbile, anakijua kuliko mimi: kifungo cha maisha, au kisichopungua miaka 30. Nilimwambia daktari hutunza siri ya mgonjwa, na kifungu kile kinazungumzia tendo, si mtu kusimulia kipigo. Akanijibu kwamba hata baba yake mdogo hakuona tendo lolote, alisoma meseji tu. Sikuwa na la kusema.

Nikamshauri aeleze kipigo aache sababu. Anasema kinachomwamsha usiku ni ile sababu, akiificha atakuwa ametibiwa mtu mwingine. Juzi nilipomshikilia sana akafungasha begi aende Manyoni kwa rafiki yake. Nilimsihi akabaki, ila sasa nikianza tu kuongea anatazama mlango. Shangazi, sitaki mtu huyu aniogope mimi.

Ndiyo nakuuliza: mshauri nasaha anaweza kumsaidia mtu aliyeficha nusu ya habari? Niende naye nikijitambulisha kama ndugu, au kuwepo kwangu ndiko kutakakoleta maswali? Na akikataa kabisa, nifanye nini usiku anapokurupuka, zaidi ya kusema "ni mimi"? Kumwacha na kuoa nimeshashauriwa na wengine, hilo naomba usinirudishie.

Msomaji wako,
Chang'ombe, Dodoma