Nafuta neno "watoto", neno "upepo" libaki

Mhariri,

Miezi michache iliyopita mlichapisha barua yangu niliyoicheka tenkara, ule uvuvi wa Kijapani wa nzi wa manyoya, yaani ndoana iliyovishwa ifanane na mdudu, usiotumia rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Niliuita mchezo wa watoto, nikasema mtu aliyevua kwa rili miaka 26 hana haja ya kurudi kwenye kijiti chenye uzi nchani. Nikapachika na methali juu yake, usiache mbachao kwa msala upitao, maana mtu akiwa na hasira methali humjia zenyewe. Wasomaji watatu walinijibu katika ukurasa huu. Wawili walinitukana kwa adabu. Wa tatu aliuliza swali lililonikera kwa sababu lilikuwa la haki: je, umewahi kuishika?

Sikuwa nimewahi. Sasa nimeishika siku tisa, na nina deni la kusahihisha baadhi ya niliyoyasema. Baadhi tu.

Fimbo niliazimwa na mpwa wangu, kijana niliyemfundisha kuvua mimi mwenyewe na ambaye, kwa maoni yangu ya wakati ule, alikuwa amepotoka. Ikifungwa haizidi urefu wa mkono, inaingia kwenye mkoba. Ukivuta vipande vyake vya kaboni, kimoja kikitoka ndani ya kingine kama antena ya redio ya zamani, inafika mita 3.6. Yangu ya kila siku ni mita 2.7. Nchani pana kijikamba chekundu cha kusukwa, na hapo ndipo mshipi hufungwa kwa kitanzi. Mshipi wenyewe ni uzi mmoja wa florokaboni, urefu wake kama wa fimbo, ukifuatiwa na mita moja hivi ya uzi mwembamba zaidi, kisha nzi. Basi. Hakuna zaidi cha kueleza, ndiyo maana nilidhani hakuna zaidi cha kujifunza.

Saa ya kwanza nilijiaibisha. Katika uvuvi niliouzoea, uzito uko kwenye mshipi: ndio unaoipinda fimbo, ndio unaombeba nzi. Mkono wangu unajua kuungoja unyooke nyuma, kisha kuusukuma mbele kwa nguvu. Uzi wa tenkara ni mwepesi mno kwa vita hivyo. Niliuchapa majini kama anayefukuza kuku. Nzi alinasa mtini nyuma yangu mara mbili, mara ya tatu akanasa kwenye kofia yangu. Mpwa wangu alikaa juu ya jiwe akitazama, halafu akauliza kwa upole, "Mjomba, unapigana na nani?"

Akaniambia niweke kidole cha shahada juu ya kishikio, nitumie kiwiko kidogo na bega nilisahau kabisa, niisimamishe fimbo ikiwa karibu wima, kisha niisimamishe tena mbele ikiwa bado iko juu. Ukiisimamisha juu hivyo, nzi hutangulia kugusa maji, na mshipi hubaki angani. Nilikubali kwa kununa. Kufikia adhuhuri nilikuwa namweka nzi ndani ya eneo la ukubwa wa sahani, jambo ambalo sikumwambia kwamba limenifurahisha.

Lakini hilo halikunibadilisha. Kilichonibadilisha ni jiwe.

Katika kijito ninachovua kuna jiwe kubwa kama meza, katikati ya maji. Nyuma yake pametulia, mduara mdogo usiozidi sinia. Kati ya mduara huo na mahali pekee pa kusimama pana mikondo miwili: wa karibu unatembea, wa pili unakimbia. Kwa miaka 11 nimejua kuna samaki pale, na kwa miaka 11 sikumpata. Sababu ninaijua vizuri, nimewaeleza wanafunzi wengi. Mshipi mzito uliopakwa plastiki ukilalia mikondo yote miwili, ule unaokimbia huusukuma ukapinda kama tumbo, nao mshipi humburuta nzi kutoka mduarani. Mdudu wa kweli haburutwi hivyo, na trauti analijua hilo kuliko mimi. Zipo mbinu za kuchelewesha mburuto: kuuinua mshipi na kuulaza upande wa juu wa mkondo, kuutupa ukiwa na mikunjo ya makusudi. Nimezitumia zote. Nilikuwa nikipata sekunde tatu. Siku njema, nne.

Siku ya tatu ya tenkara nilisimama palepale, nikamtupa nzi nyuma ya jiwe, nikainua fimbo. Mshipi wote ukaning'inia hewani, ukavuka mikondo yote miwili bila kuigusa. Kilichokuwa majini ni nzi na kiganja kimoja cha uzi mwembamba. Nzi akakaa. Nikahesabu hadi tano. Akaendelea kukaa. Nikahesabu hadi tisa, nikaanza kuona haya kidogo, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Kwenye kumi na moja uzi ulisita, nikauinua.

Mkono wangu wa kushoto ukaenda moja kwa moja kutafuta mpini wa rili. Ukapapasa hewa. Mpwa wangu alicheka hadi akakaa chini. Samaki huvutwa kwa kuilaza fimbo nyuma mpaka uzi ufike karibu, kisha unaushika kwa mkono, na mimi sikulijua hilo kwa vidole, nililijua kwa kusikia. Tulizunguka pale kama watu wanaojifunza ngoma. Mwishowe akaingia wavuni: trauti wa kahawia, sentimita 28, madoa mekundu ubavuni. Si mkubwa. Nilimrudisha majini, nikakaa juu ya lile jiwe la mpwa wangu muda mrefu bila kusema neno.

Kuanzia hapo nilianza kutazama miguu yangu. Nieleze. Ninajivunia, au nilijivunia, kutupa mshipi mita 25 ukalala umenyooka. Ni jambo zuri, watu husimama kutazama. Kwa fimbo hii, mkono, fimbo na uzi vikijumlishwa, mwisho wako ni mita nane hivi, na lazima usogee. Kwa hiyo nilipiga magoti, nikatambaa nyuma ya majani, nikaacha kukanyaga kokoto ovyo. Na katika kutambaa huko nilimwona samaki akichomoka kwenye kina cha magoti, mahali ambapo kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikiingia na mabuti yangu ili nipate nafasi ya kutupa mbali. Siku iliyofuata nikamwona mwingine, sehemu nyingine, namna ileile. Sitaki kupiga hesabu ya niliowakanyaga.

Niliandika pia kwamba tenkara ni mtindo wa juzi, uliobuniwa ili watu wauziwe vitu. Hilo nalifuta bila masharti. Ni kweli kwamba nje ya Japani ilienea hasa baada ya mwaka 2009, Daniel Galhardo alipoanzisha kampuni ya Tenkara USA huko Marekani. Lakini walioiunda walikuwa wavuvi wa milimani Japani, watu wa fimbo za mwanzi na mishipi ya singa za farasi, waliovua iwana, yamame na amago, samaki wa jamii ya trauti, katika vijito vyembamba na kuwauzia wenye nyumba za wageni. Hao hawakuwa wakicheza. Asiyepata samaki hakupata pesa. Wala uvuvi wa nzi bila rili si wa Wajapani peke yao: katika bonde la Valsesia, Italia, bado wapo wanaovua kwa fimbo ndefu na mshipi wa singa, na Waingereza wa karne ya 17 walivua trauti mshipi ukiwa umefungwa nchani mwa fimbo. Mwandishi wa kale Aelian, yapata miaka 1,800 iliyopita, aliwaeleza Wamakedonia waliozungushia ndoana sufu nyekundu na kuvua kwa fimbo ya futi sita na mshipi wa futi sita. Kumbe rili ndiyo mgeni, na mimi nilikuwa nikimlinda mgeni dhidi ya mwenyeji.

Sasa yale nisiyoyafuta.

Upepo. Niliandika kwamba upepo ukivuma kitu hiki ni bure, nami narudia. Siku ya tano ulivuma kutoka bondeni, na uzi ule mwepesi ulikwenda ulikotaka wenyewe. Mpwa wangu alisema nifupishe mshipi na kuishusha fimbo. Nilifanya hivyo, nikavua vibaya kidogo kuliko vibaya sana. Siku kama ile, fimbo yangu ya zamani ingekata upepo kama kisu. Na ziwani sitaipeleka kabisa: kusimama ukingoni na mita nane za uwezo huku samaki wanaruka mita thelathini mbele ni kujitafutia huzuni.

Samaki mkubwa. Siku ya sita nilinasa mmoja ambaye nilimwona vizuri alipogeuka: anapita sentimita 45, hilo nitaapa. Kwa rili ningempa mshipi akimbie, nimchoshe. Hapa huna mshipi wa kutoa hata kidole kimoja. Uzi wa mwisho huachwa mwembamba makusudi ili ukatike wenyewe kabla fimbo haijavunjika, kwa hiyo kinachobaki ni kumfuata kwa miguu. Nilimfuata mtoni kama hatua 20, nikateleza, nikalowa hadi kifuani, na uzi ukafanya kazi yake. Wapenzi wa tenkara huniambia eti huo ndio utamu wenyewe. Wao waendelee na utamu wao.

Halafu kuna suala la nzi mmoja. Hisao Ishigaki, anayeheshimiwa mno katika tenkara ya Japani, anajulikana kwa kutumia muundo mmoja tu wa nzi. Mimi hubeba visanduku sita. Mpwa wangu alinipa aina iitwayo sakasa kebari, ambayo manyoya yake yamelala kuelekea mbele, na ukiivuta kidogokidogo majini hufunguka na kujifunga kama kitu kinachopumua. Inavua, sikatai. Ila jioni moja wadudu wadogo wenye mbawa zilizosimama walitoka kwa wingi, na trauti wakawala hao tu. Kebari yangu ilipita mbele yao mara kumi. Nikafungua kisanduku, nikafunga nzi mdogo kabisa wa kijivu kwenye uzi uleule wa Kijapani, nikapata watatu. Visanduku vimepungua kutoka sita hadi viwili, lakini kimoja tu hapana.

Na lipo neno ambalo wale wasomaji watatu wote walilitumia: rahisi. Tenkara ina vitu vichache, lakini rahisi si neno lake. Siku ya saba ndoana ilikwama kwenye gogo chini ya maji. Kwa mazoea yangu nikaipinda fimbo na kuvuta. Kipande cha pili kutoka nchani kikavunjika kwa sauti ndogo sana, kama njiti ya kiberiti. Ilitakiwa niielekeze fimbo kwenye gogo, niifunge, kisha nivute uzi kwa mkono. Nimevua miaka 26 na sikulijua jambo ambalo mpwa wangu alilijua wiki ya kwanza. Bahati nzuri vipande huuzwa kimoja kimoja.

Kwa hiyo, Mhariri, nakuomba uyachukulie maneno "mchezo wa watoto" katika barua yangu ya awali kuwa yamefutwa, pamoja na lile la "mtindo wa juzi". Aya ya upepo na ya samaki wakubwa zibaki kama zilivyo. Yule msomaji aliyeuliza kama nimewahi kuishika, namshukuru, japo si sana.

Kipande kipya kimeshafika na nimekiweka mwenyewe. Fimbo bado iko kwangu. Mpwa wangu ameiulizia mara mbili, na mara zote mbili nimemjibu kwamba uchunguzi unaendelea.

Wako,
Mvuvi wa rili, kwa sehemu kubwa